Madoa Mawili Kifuani: Imesambaa, au Zimezaliwa Mbili?

Najua wengi mnaosoma gazeti hili ni watu wa sheria, biashara, ualimu na uhandisi, na mkiona makala ya udaktari mnaruka moja kwa moja kwenda ukurasa wa michezo. Leo msiruke. Somo hili halihitaji uwe umesoma baiolojia kidato cha sita. Linahitaji hesabu za shule ya msingi na uvumilivu wa kufuata hoja hatua kwa hatua.

Mimi niko mwaka wa tano, udaktari wa binadamu. Muhula huu tumepitia upasuaji wa kifua, na mada iliyonishika kuliko zote ni ya mgonjwa mwenye uvimbe zaidi ya mmoja kifuani kwa wakati mmoja. Nilipoigusia pale kwenye vimbweta, rafiki yangu wa sheria akanijibu hapohapo: "Kama madoa ni mawili, si imeshasambaa hiyo? Hapo si mnamrudisha nyumbani tu?"

Ndivyo wanavyofikiri watu wengi, wakiwemo ndugu wanaopokea majibu wakiwa wamesimama koridoni. Wakati mwingine wako sahihi. Lakini kuna wagonjwa ambao kwao jibu hilo ni kosa, na ni kosa la gharama kubwa: mtu aliyekuwa na nafasi nzuri ya kupona anaambiwa akapumzike. Somo la leo ni jinsi ya kuwatambua wagonjwa hao, na jinsi upasuaji wa matundu madogo ulivyofanya waweze kutibiwa bila kuporwa pumzi zao.

Ramani kwanza

Kabla ya kukata lazima ujue shamba lilivyogawanywa. Pafu la kulia lina sehemu kubwa tatu: ya juu, ya kati na ya chini. Pafu la kushoto lina mbili tu, ya juu na ya chini, kwa sababu moyo umeegemea upande huo na umechukua nafasi. Sehemu hizi kubwa nitaziita mapande.

Kila pande limegawanyika tena katika sehemu ndogo, na kila sehemu ndogo ina mrija wake wa hewa na mshipa wake wa damu. Hizi nitaziita vipande. Kwa hesabu inayotumiwa sana na madaktari, mapafu yote mawili yana vipande 19. Kulia viko 10: juu 3, kati 2, chini 5. Kushoto viko 9: juu 5, chini 4. Hiyo 19 ishike vizuri, tutaihitaji mbele.

Kwa hiyo daktari bingwa wa kifua ana saizi kadhaa za kukata. Anaweza kuondoa pafu zima, pande moja, kipande kimoja, au kakona kadogo tu ka pafu kwa umbo la kabari, kama unavyokata kipande cha tikiti maji. Kadiri anavyokata kidogo ndivyo mgonjwa anavyobaki na pumzi nyingi, lakini ndivyo hofu inavyoongezeka kwamba kuna mbegu ya ugonjwa imebaki. Mvutano huo ndio uti wa mgongo wa somo zima.

Doa si jina la ugonjwa

Mgonjwa kapigwa picha ya CT ya kifua, karatasi inasema ana madoa mawili: moja pande la juu kulia, jingine pande la chini kushoto. Madoa hayo yanaweza kuwa nini?

Inawezekana yote mawili si saratani kabisa. Kwetu Afrika Mashariki hilo ni jambo la kuliwaza mapema, kwa sababu kifua kikuu huacha makovu na vivimbe ambavyo kwenye picha vinafanana sana na saratani. Fangasi nao hufanya hivyo. Inawezekana pia doa moja ni saratani na jingine ni kovu la zamani. Inawezekana yote mawili ni mbegu zilizotoka kwingine, kwa mfano kwenye utumbo, titi au mfupa, zikasafiri na damu hadi kwenye mapafu. Inawezekana ni saratani moja ya pafu iliyozaliwa upande mmoja na kurusha mbegu upande wa pili. Na mwisho, inawezekana ni saratani mbili tofauti, kila moja imezaliwa mahali pake, hazina udugu wowote.

Tofauti ya hizi mbili za mwisho ndiyo inayoamua hatima ya mgonjwa. Kwa mfumo wa TNM unaotumika duniani kupanga hatua za saratani, doa la pili ambalo ni mtoto wa la kwanza likiwa kwenye pande lilelile linaifanya saratani iwe T3. Likiwa pande jingine la pafu hilohilo, ni T4. Likivuka kwenda pafu la upande wa pili, ni M1a, maana yake hatua ya 4, ya mwisho. Lakini zikiwa saratani mbili zilizozaliwa mbalimbali, kila moja inapewa hatua yake peke yake. Mgonjwa yuleyule, picha ileile, badala ya kuwa hatua ya 4 anakuwa na saratani mbili za hatua ya 1. Wa kwanza kwa kawaida anaelekezwa kwenye dawa za kuupunguza ugonjwa makali. Wa pili anaelekezwa chumba cha upasuaji kwa lengo la kuponywa.

Inawezekanaje mtu mmoja apate saratani mbili kwa mpigo? Mwaka 1953 Danely Slaughter na wenzake, wakichunguza saratani za kinywa, walitoa wazo ambalo hadi leo linatumika: ukimwaga sumu, haidondoki kwenye shina moja tu la mahindi, inaenea shamba zima. Moshi wa sigara unaingia mapafu yote mawili. Ngozi nzima ya ndani ya njia ya hewa inaguswa, na seli zinaweza kuharibika sehemu zaidi ya moja. Lakini si wavuta sigara tu. Kule Asia Mashariki kuna wagonjwa wengi, hasa wanawake ambao hawajawahi kushika sigara, wanaokutwa na madoa kadhaa yanayoonekana kwenye CT kama ukungu, kama kioo kilichosagwa. Madoa ya aina hiyo mara nyingi hukua polepole sana, na yakiwa mengi kwa kawaida kila moja huchukuliwa kuwa limejizalia lenyewe.

Kupima udugu

Mwaka 1975 Nael Martini na Myron Melamed wa New York waliweka vigezo ambavyo kila mwanafunzi wa fani hii anavidesa mpaka leo. Kwa lugha nyepesi viko hivi. Vivimbe viwe vimetengana kabisa. Ukivitazama kwa darubini vikawa vya aina mbili tofauti, basi ni saratani mbili, kesi imekwisha. Vikiwa vya aina moja, bado vinaweza kuwa viwili tofauti iwapo viko vipande, mapande au mapafu tofauti, kila kimoja kinaonyesha dalili za kuanzia palepale kilipo, hakuna saratani kwenye tezi za limfu ambazo vyote viwili vinachangia, na hakuna saratani iliyotoka nje ya mapafu.

Watu wa sheria mtaona huu ni ushahidi wa mazingira. Hakuna aliyeiona saratani ikizaliwa, unakusanya vielelezo hadi shaka ipungue. Siku hizi kuna kielelezo kizito zaidi, yaani jeni. Maabara inasoma mabadiliko ya jeni kama EGFR na KRAS kwenye kila uvimbe. Uvimbe mmoja ukiwa na badiliko la EGFR na mwingine ukiwa na la KRAS, ni vigumu sana kusema ni mama na mtoto. Vikifanana badiliko kwa badiliko, udugu unakaribia kuthibitika.

Uamuzi huu hafanyi mtu mmoja. Wanakaa mezani mpasuaji, mtaalamu wa picha, mtaalamu wa patholojia, daktari wa saratani na daktari wa mapafu. Kabla ya kisu wanahakikisha ubongo, ini, mifupa na tezi za katikati ya kifua ni safi. Tezi hizo hasa ndizo zinazoweza kugeuza kila kitu. Saratani ikikutwa pale, hoja ya "mbili ndogo za hatua ya 1" inayumba.

Kutoka kupanua mbavu hadi kupitisha kamera

Turudi nyuma kidogo tuone tulikotoka. Mwaka 1933, St. Louis, Marekani, Evarts Graham aliondoa pafu zima la kushoto la mgonjwa mwenye saratani, kwa mkupuo mmoja, na mgonjwa akapona. Mgonjwa mwenyewe alikuwa daktari, naye aliishi karibu miaka 30 baada ya hapo. Mwaka 1950 Graham na Ernst Wynder walichapisha utafiti maarufu uliohusisha sigara na saratani ya mapafu. Graham mwenyewe, mvutaji wa miaka mingi, alifariki kwa saratani hiyohiyo mwaka 1957, na mgonjwa wake wa 1933 akaendelea kuishi.

Upasuaji wa namna ile unahitaji mlango mkubwa. Unachana kifua kwa urefu, unapita katikati ya mbavu, unaweka chuma cha kuzipanua, ndipo mikono inaingia. Maumivu ya mbavu zilizopanuliwa na mishipa ya fahamu iliyobanwa huweza kumfuata mgonjwa kwa miezi. Sasa fikiria huyu wetu mwenye madoa pande zote mbili. Umpanue mbavu za kulia, halafu za kushoto? Mtu anayeumwa mbavu zote mbili hawezi kukohoa vizuri. Asiyekohoa hukaa na makohozi, na makohozi yakikaa huleta nimonia. Ndiyo maana zamani wagonjwa wengi wa aina hii waliogopwa.

Njia ya matundu madogo ina historia ndefu kuliko tunavyodhani, na imeanzia kwenye kifua kikuu. Mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm alieleza jinsi ya kuchungulia ndani ya kifua kwa mrija wenye taa. Enzi hizo kifua kikuu kilitibiwa kwa kulilaza pafu kwa hewa ili lipumzike. Pafu lililogandana na ukuta wa kifua halilali, basi Jacobaeus akawa anaukata ule mgando kupitia tundu dogo. Zilipopatikana dawa kama streptomaisini kwenye miaka ya 1940, kazi hiyo ikapungua sana. Ilirudi kwa kishindo mwanzoni mwa miaka ya 1990, kamera za video zilipokuwa ndogo na nzuri kiasi cha timu nzima kutazama kifua kwenye skrini. Timu ya Giancarlo Roviaro jijini Milan ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuondoa pande zima la pafu kwa njia hiyo. Mwaka 2010, A Coruña, Hispania, Diego Gonzalez-Rivas na wenzake wakaondoa pande la pafu kupitia tundu moja tu.

Kinachoupa upasuaji huu jina lake si idadi ya matundu peke yake. Sharti kubwa ni kwamba mbavu hazipanuliwi. Kamera nyembamba inaingia, vyombo virefu vinaingia, na tundu kubwa kuliko yote huwa na sentimita 3 hadi 5 hivi. Mishipa ya damu na mirija ya hewa hufungwa na kukatwa kwa wakati mmoja na stepla maalumu, inayopiga mistari ya pini pande zote mbili na kupitisha wembe katikati. Nyama iliyokatwa inatiwa ndani ya mfuko kabla ya kutolewa, ili seli za saratani zisidondoke njiani.

Je, faida yake ni ya kweli au ni urembo wa kovu dogo? Utafiti wa Uingereza uitwao VIOLET uliwagawa kwa kura wagonjwa 503 katika hospitali 9, wengine wakafanyiwa kwa kamera na wengine kwa kufungua kifua. Matatizo wakiwa bado wodini yalikuwa asilimia 32.8 kwa waliofanyiwa kwa kamera na asilimia 44.3 kwa waliofunguliwa. Baada ya wiki 5 kundi la kamera lilikuwa na uwezo mzuri zaidi wa kufanya shughuli za kawaida. Ila kumbuka, hao walikuwa na uvimbe upande mmoja. Kwa mgonjwa wa pande mbili, nafuu ndogo ya kila upande inajumlishwa.

Hesabu ya pumzi

Sasa chukua kalamu. Kabla ya upasuaji mgonjwa anapuliza kwenye mashine kwa nguvu zake zote, na inapimwa hewa anayotoa katika sekunde 1 ya kwanza. Kipimo hicho kinaitwa FEV1. Tuseme wetu ametoa lita 1.9, wakati mtu wa umri wake, urefu wake na jinsia yake alitarajiwa kutoa lita 2.5. Gawanya: ana asilimia 76 ya matarajio.

Kanuni ya kukadiria atakachobaki nacho ni rahisi. Chukua alichonacho, zidisha kwa vipande vitakavyobaki, gawanya kwa 19.

Mpango A: unaondoa pande zima la juu kulia, vipande 3, na pande zima la chini kushoto, vipande 4. Vimetoka 7, vimebaki 12. Lita 1.9 mara 12 gawanya kwa 19 ni lita 1.2. Kwa asilimia, 76 mara 12 gawanya kwa 19 ni 48.

Mpango B: kulia unaondoa pande zima, vipande 3, kushoto kipande kimoja tu chenye uvimbe. Vimebaki 15. Anabaki na lita 1.5, sawa na asilimia 60.

Mpango C: kipande kimoja kulia, kipande kimoja kushoto. Vimebaki 17. Anabaki na lita 1.7, sawa na asilimia 68.

Mwongozo wa madaktari wa kifua wa Marekani wa mwaka 2013 unasema makadirio yakiwa zaidi ya asilimia 60, kwa FEV1 na pia kwa kipimo cha jinsi mapafu yanavyopitisha gesi kwenda kwenye damu, hatari ni ndogo. Moja kati ya vipimo hivyo likiwa kati ya 30 na 60, mgonjwa apimwe kwa mazoezi kwanza, mfano kupanda ngazi. Akishindwa kufika mita 22 kwenda juu, apelekwe kwenye kipimo kikubwa zaidi cha mazoezi. Mita 22 ni kama ghorofa saba, kwa hiyo nyie mnaokaa hosteli za juu mnajipima bure kila siku. Likiwa chini ya 30, tahadhari ni kubwa zaidi.

Umeona? Mgonjwa ni yuleyule, ila Mpango A unampeleka kwenye eneo la mashaka na Mpango C unamweka kwenye usalama. Na hesabu hiyo inachukulia vipande vyote vina kazi sawa, jambo ambalo kwa mvutaji sigara si lazima liwe kweli. Pengine kipande kinachoondolewa kilikuwa kimeshakufa kikazi, au ndicho kilichokuwa kinabeba wenzake. Inabidi itazamwe pia picha ya mtiririko wa damu kwenye mapafu.

Kukata kidogo kunatosha?

Hapa ndipo mtu wa kweli wa hoja atakapobana: "Sawa, pumzi umeiokoa, na saratani je?" Swali zuri. Mwaka 1995 utafiti ulioongozwa na Robert Ginsberg ulionyesha kwamba waliokatwa kidogo walirudiwa na saratani mahali palepale karibu mara 3 ya walioondolewa pande zima. Kwa miaka zaidi ya 20 hiyo ikawa sheria: ondoa pande.

Kisha ikaja Japani. Utafiti uitwao JCOG0802, uliochapishwa mwaka 2022, uligawa kwa kura wagonjwa 1,106 wenye uvimbe mmoja mdogo usiozidi sentimita 2, uliokaa pembezoni mwa pafu. Baada ya miaka 5 waliokuwa hai ni asilimia 94.3 ya walioondolewa kipande na asilimia 91.1 ya walioondolewa pande. Lakini kurudi kwa saratani mahali palepale kulikuwa asilimia 10.5 kwa kipande na 5.4 kwa pande. Soma namba hizo mbili pamoja, usichague moja. Kukata kidogo kulihifadhi maisha vizuri, ila shamba lililobaki linahitaji kulindwa. Mwaka 2023 utafiti wa CALGB 140503, wenye wagonjwa 697, nao ukaonyesha kwamba kwa uvimbe mdogo kama huo kukata kidogo hakukuwa duni.

Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia: tafiti zote hizi ni za uvimbe mmoja. Kwa wenye vivimbe vingi ushahidi unatokana zaidi na kumbukumbu za wagonjwa waliotibiwa hospitalini kuliko kura za namna hii. Kwa hiyo mpasuaji anapochagua Mpango C anaazima hoja kutoka kwa ndugu wa karibu. Hoja inakaa vizuri, maana huyu ndiye mtu anayehitaji zaidi kuachiwa pafu. Pafu lililokwishazaa saratani mbili linaweza kuzaa ya tatu, na ukimaliza akiba leo, kesho hutakuwa na cha kukata.

Siku moja au siku mbili?

Vivimbe vikiwa upande mmoja, vinaondolewa kwa matundu yaleyale, kazi imekwisha. Vikiwa pande mbili kuna mabishano ya kweli.

Elewa kwanza kazi ya daktari wa usingizi. Ili mpasuaji aone, pafu analolifanyia kazi lazima lilale, na mgonjwa apumue kwa pafu moja. Hilo linafanywa kwa mrija wenye njia mbili, kila pafu na njia yake. Ukimaliza kulia ukahamia kushoto siku hiyohiyo, mgonjwa anatakiwa aishi kwa lile pafu la kulia ambalo dakika chache zilizopita umelikata. Ndiyo maana wanaofanya yote siku moja kwa kawaida huanza na upande wenye kukatwa kidogo, ili pafu litakalobeba mzigo liwe halijaumia sana.

Faida ya siku moja iko wazi: usingizi mara moja, kulazwa mara moja, gharama mara moja, na ugonjwa wa upande wa pili haubaki ukisubiri. Hatari yake nayo iko wazi: pafu likivuja hewa kulia na kushoto kwa pamoja, mgonjwa ana mirija ya kifuani pande zote na hana upande wa kuegemea. Ukigawa mara mbili, kwa kawaida unaanza na uvimbe ulio tishio zaidi, unampa wiki kadhaa apone, unampima pumzi upya, ndipo unaamua upande wa pili. Na maabara inakuwa imeshakupa jina kamili la uvimbe wa kwanza, pengine ukabadili mpango.

Kuna pia njia ya tundu moja chini ya mfupa wa kifua, pale juu ya chembe cha moyo. Kutokea pale kamera inafika pande zote mbili bila kupita katikati ya mbavu, hivyo mishipa ya fahamu ya mbavu inasalimika. Njia hii inavutia pia pale mgonjwa anapokuwa na uvimbe wa tezi ya thaimasi iliyo mbele ya moyo pamoja na doa la pafu. Kasoro yake ni moyo wenyewe: upande wa kushoto umekaa njiani, na vyombo vikiusukuma mapigo yanaweza kuvurugika.

Kikwazo kingine ni kulipata doa lenyewe. Kifua kikifunguliwa mpasuaji hupapasa pafu kwa vidole. Kwa tundu moja kidole hakifiki mbali, na doa la ukungu ni laini, hata likipapaswa halijitambulishi. Kwa hiyo kabla ya upasuaji huwekewa alama kwa msaada wa CT, kwa waya mwembamba au rangi. Mpaka wa kipande huonyeshwa kwa dawa ya rangi ya kijani inayong'aa chini ya kamera maalumu. Unafunga mshipa wa kipande unachotaka kuondoa, unachoma dawa kwenye damu, na pafu lote linang'aa isipokuwa kipande hicho. Mpaka umejichora wenyewe.

Nani asipasuliwe

Si kila mwenye madoa mengi apelekwe kwenye kisu. Mwenye saratani kwenye tezi za katikati pande zote, mwenye mbegu kwenye ubongo na ini, mwenye pumzi isiyoruhusu hata Mpango C, hao wana njia nyingine kama mionzi na dawa. Mwenye madoa sita ya ukungu haondolewi sita. Linaondolewa lile lenye kiini kigumu linalokua, na mengine yanafuatiliwa kwa CT kila baada ya muda, kwa sababu mengi hukaa miaka bila kusogea. Na mpasuaji akiona damu haidhibitiki kupitia tundu, anafungua kifua. Huko ndiko kumlinda mgonjwa, wala asione aibu.

Kwetu tuongeze tahadhari mbili. Ya kwanza, usimwite mtu mgonjwa wa saratani kwa sababu ya CT peke yake, kifua kikuu kitafutwe kwa makohozi na vipimo vyake. Ya pili ni kinyume chake: mtu aliyepewa dawa za kifua kikuu bila kidudu kuonekana, na doa likaendelea kukua, asiongezewe dozi juu ya dozi. Achukuliwe kinyama kipimwe. Doa dogo la sentimita 2 leo lina mpasuaji wake. Likisubirishwa mwaka mzima, pengine halitakuwa naye.

Maswali ya kuondoka nayo

Siku ndugu yako akipewa karatasi yenye neno "madoa" au "vivimbe" kifuani, wewe msomi wa familia ndiye utakayepigiwa simu. Muulize daktari haya, kwa heshima na bila papara:

1. Je, kila doa limechukuliwa kinyama, au ni moja tu?
2. Vivimbe vikiwa vya saratani, mna ushahidi gani kwamba vina udugu, au kwamba havina?
3. Tezi za katikati ya kifua zimepimwa?
4. FEV1 yake ni ngapi, na mkikata mnavyopanga atabaki na asilimia ngapi?
5. Je, kesi yake imejadiliwa na jopo, akiwemo mpasuaji wa kifua?

Na zoezi la nyumbani kwa wanaopenda hesabu: mgonjwa ana FEV1 ya asilimia 57. Uvimbe mmoja uko pande la kati kulia, mwingine pande la juu kushoto. Mkiondoa mapande yote mawili atabaki na asilimia ngapi? Mkiondoa pande la kati na kipande kimoja tu cha kushoto je? Majibu ni 36 na 48. Ukiyapata, jiulize kama ungemruhusu aingie chumba cha upasuaji kabla hajapanda zile ngazi.